Karakana ya Vipuri Usiku: Rodi, Paleti, Roboti au Fundi wa Zamu?

Mashine ya CNC, yaani ya kukata chuma kwa kuongozwa na kompyuta, inayozimwa saa kumi na mbili jioni na kuwashwa saa mbili asubuhi imelala saa 14. Kwa mwenye karakana aliyeinunua kwa mkopo, hizo ni saa 14 za riba kutembea na chuma hakikatwi. Kwa hiyo kila anayemiliki mashine ya namna hii hufika siku akajiuliza: naweza kuiacha ichape kazi usiku, mlango umefungwa, hakuna mtu?

Wazo lenyewe ni la zamani. Katika miaka ya 1960 mhandisi Theo Williamson wa kampuni ya Molins, London, alibuni mfumo aliouita System 24, akikusudia mashine zikate chuma saa 24 huku usiku zikiendeshwa na kompyuta. Huko Oshino, Japani, chini ya mlima Fuji, kampuni ya Fanuc imekuwa ikitumia roboti kuunda roboti nyingine tangu 2001, na kazi inaweza kwenda hadi siku 30 bila mtu kuingia. Ukitazama video za viwanda vile utaona mikono ya njano ikibeba vipande, na ni rahisi kuamini kwamba siri iko kwenye mikono hiyo. Kisichoonekana kwenye video ndicho kinachofanya watu wathubutu kwenda kulala: mashine inayogundua kuwa kisu kimevunjika na kusimama kabla haijaharibu kipande kinachofuata.

Kwa hiyo hapa chini nalinganisha njia nne za kuendesha usiku, na kipimo changu kikubwa ni kimoja. Kila njia naiuliza inasimamaje mambo yakiharibika. Namna inavyojilisha kazi nitaiangalia pia, lakini baadaye.

Kabla ya kununua cha kulishia

Mashine ikiwa na mtu, fundi husikia. Sauti ya kisu kilichochoka inabadilika, anabonyeza kitufe, anageuza kisu, anaendelea. Ukimwondoa, lazima kitu kingine kifanye kazi ya masikio yake.

Kifaa cha kwanza ni hesabu tupu, na aghalabu kipo tayari ndani ya mashine: kuhesabu maisha ya kisu. Ukijua mchana kwamba kisu fulani kinakata vipande 300 vizuri kabla ya kuanza kukwaruza, unaiagiza mashine ikibadilishe kwenye 200 na kuchukua cha akiba kilichokaa kwenye nafasi nyingine. Hapo unapoteza theluthi ya maisha ya kisu. Ni gharama ndogo ukilinganisha na kufungua mlango asubuhi ukakuta kapu zima la vyuma chakavu.

Cha pili ni kupima. Kidole cha kupimia, yaani probu, kilianzia Uingereza, pale David McMurtry alipohitaji kupima mabomba membamba ya injini za ndege ya Concorde. Mwaka 1973 yeye na John Deer wakaanzisha Renishaw. Leo kuna probu za kugusa kipande na nyingine za kugusa kisu chenyewe. Kwa kazi ya usiku mimi ningeanza na ya kugusa kisu. Baada ya kila kisu chembamba kumaliza kazi, hasa keekee na zana ya kukatia hesi, mashine inakipeleka kwenye kipimio, kisha programu inauliza kama urefu umebaki uleule. Kwenye mashine zenye kompyuta ya Fanuc mistari yenyewe ni mitatu tu:

IF [ABS[#501-#502] LT 0.3] GOTO 10
#3000=1(ZANA IMEVUNJIKA)
N10

Namba #501 imehifadhi urefu wa mwanzo na #502 urefu uliopimwa sasa hivi. Tofauti ikiwa chini ya milimita 0.3, kazi inaendelea. Ikizidi, mashine inasimama na ujumbe wa Kiswahili unatokea kwenye skrini. Mistari hii mitatu inakulinda kuliko kamera yoyote utakayoning'iniza ukutani.

Cha tatu ni maranda ya chuma, na hapa ndipo usiku mwingi huharibika. Shaba njano hukatika vipande vidogo vinavyodondoka chini vyenyewe. Stenlesi ya 304 na alumini laini hutoa nyuzi ndefu zinazojiviringisha kwenye kisu na kwenye taya, kisha zinazuia maji ya kupozea, kisu kinaungua, na kipande kinachofuata hakikai sawa. Dawa zipo: kisu chenye mgongo wa kuvunjia maranda, pampu ya maji yenye shinikizo la bari 70, kudonoa kwa hatua badala ya kukata mfululizo. Kampuni ya Citizen ina mashine za kukereza zinazotikisa kisu kwa makusudi ili randa likatike. Kama mchana fundi wako anafungua mlango kila baada ya dakika kumi kutoa nyuzi kwa ndoano, kazi hiyo haijawa kazi ya usiku, hata ukinunua roboti ya aina gani.

Rodi

Kwa vipande vya mviringo vidogo, sijaona njia inayoikaribia hii. Kifaa cha kulisha rodi hukaa nyuma ya mashine ya kukereza, kinasukuma rodi kupitia katikati ya spindo, yaani mhimili unaozunguka, kipande kinakatwa, rodi inasogea, kipande kingine. Hakuna kubeba, hakuna kupanga kwenye trei, hakuna kubahatisha kama kipande kimekaa vizuri kwenye taya. Rodi imeshikwa muda wote. Kinachoweza kwenda kombo ni kichache, na huo ndio uzuri wake.

Tufanye hesabu. Bushi yenye urefu wa milimita 30, kisu cha kukatia kina unene wa milimita 3, kwa hiyo kila kipande kinakula milimita 33. Rodi ya mita 3 ukiacha kishina cha milimita 200 na kidogo kinachobaki mwishoni inatoa vipande 84. Kama kipande kinachukua dakika 2, rodi moja ni saa 2 na dakika 48. Rodi tano zinajaza saa 14 kamili na kukupa bushi 420.

Kuna mlisho mfupi unaotumia rodi za kama mita 1.2. Haumalizi nafasi, na ni rahisi kununua kuliko ule mrefu. Lakini kila rodi fupi inatoa vipande 30 tu, kwa hiyo usiku uleule unahitaji rodi 14, na kila moja inaacha kishina. Kwenye mlisho mrefu vishina vya usiku mzima havizidi sana mita 1. Kwenye mfupi vinakaribia mita 3. Kwa chuma cha kawaida unaweza kuvumilia. Kwa shaba, ambayo bei yake kila fundi anaijua, mita 2 za ziada kila usiku zitaonekana kwenye hesabu za mwezi. Upande wa pili, rodi ndefu inayozunguka kasi ikiwa imepinda hata kidogo inatikisa mashine nzima, na rodi nyingi zinazofika kwetu zimesafirishwa juu ya malori bila kunyooshwa. Mlisho mfupi hausumbuliwi sana na hilo.

Jambo moja kuhusu kapu la kupokelea. Ukiziacha bushi 420 zidondoke kwenye kapu moja, asubuhi ukikuta moja mbovu inakubidi upime zote, maana hujui ilitengenezwa saa ngapi. Zipokee kwa mpangilio: sahani inayozunguka yenye vyumba, au mkanda unaosogea kidogo kila baada ya vipande kadhaa. Halafu asubuhi anza kupima cha mwisho. Kisu huchakaa polepole, kwa hiyo kama cha mwisho kiko kwenye kipimo, vya kabla yake kwa kawaida viko salama. Kama kimetoka nje, pima cha katikati, kisha cha katikati ya nusu iliyobaki, na kuendelea hivyo. Kwa vipande 420 utafika kwenye mpaka wa vipande vizuri na vibovu kwa kupima mara tisa hivi.

Paleti

Kazi ikiwa ya pembe, mabamba, nyumba za pampu, flanji zenye matundu mengi, rodi haikusaidii. Hapa chaguo la wengi ni mashine yenye paleti mbili, yaani meza za kubania kazi zinazobadilishana: moja ndani inakatwa, nyingine nje inapangwa. Lakini paleti mbili zinakupa usiku mfupi, labda saa mbili tatu, isipokuwa umepanga vipande vingi juu ya mnara wa kubania wenye pande nne. Mashine zenye ghala la paleti, kama Matsuura MAM72, ndizo zinazokwenda usiku kucha na hata wikendi.

Faida yake kubwa kuliko rodi iko kwenye kusimama. Paleti moja ikipata tatizo, mashine inaweza kuiweka pembeni na kuchukua inayofuata, kwa hiyo kosa la saa nne usiku haliuwi kazi ya hadi asubuhi. Hasara yake ni pesa, na ghala la visu: kazi tano tofauti kwenye paleti tano zinataka visu vyake na vya akiba, na mashine yenye nafasi 20 inajaa mapema.

Kwa karakana yenye mashine ya kawaida ya kuchonga kuna njia ya bei nafuu ambayo watu wanaidharau. Jaza meza yote jiliwa, sita au nane, andika programu itembee jiliwa moja baada ya nyingine, bonyeza kitufe ukitoka. Hupati usiku mzima, unapata saa tatu au nne, lakini hujanunua chochote zaidi ya jiliwa.

Mkono wa roboti

Universal Robots wa Odense, Denmark, waliuza mkono wao wa kwanza mwaka 2008, na tangu hapo karakana ndogo nyingi za Ulaya na Marekani zimeweka mkono mbele ya mashine ya CNC. Mkono wa aina ya UR10e unabeba kilo 12.5 na kufika milimita 1,300. Unaweza kuuhamisha kutoka mashine hii hadi ile, na unafundishwa kwa kuushika na kuupeleka unakotaka.

Naupenda kama chombo, lakini siupendekezi uwe ununuzi wa kwanza. Hesabu vitu vinavyotakiwa kwenda sawa kila dakika nne: trei ya malighafi imepangwa, vidole vimeshika sawa, mlango wa mashine umefunguka kwa amri, taya zimefunguka, upepo umepuliza maranda kwenye taya, kipande kimekaa hadi mwisho, taya zimefunga, mkono umetoka, mlango umefungwa. Randa moja lililonasa nyuma ya kipande linatosha kukipindisha. Kompresa ikishuka nguvu, vidole vinalegea. Kila hatua ya hizo inahitaji kihisi cha kuithibitisha, na bei ya vihisi, mlango wa kujifungua, trei na kazi ya fundi wa kuunganisha hukaribia au kupita bei ya mkono wenyewe. Anayekuuzia mkono peke yake hajakuambia gharama.

Na usalama. Watu husikia kwamba roboti hizi zimeundwa kufanya kazi karibu na binadamu wakadhani hazihitaji uzio. Mkono unaosimama ukikugusa ni salama kiasi chake, lakini mkono huohuo ukiwa umeshika kipande chenye ncha kali ni habari nyingine. Tathmini ya hatari hufanywa kwa mfumo mzima, pamoja na kile kilichoshikwa.

Roboti inashinda pale ambapo kipande kimekwisha kukatwa au kufuliwa tayari, hakiwezi kutoka kwenye rodi, na oda yake inarudi kila mwezi.

Nani anaangalia

Njia za kuangalia kutoka mbali ni tatu, na zinatofautiana sana kwa kile zinachokijua.

Kamera inakuonyesha moshi, maji yanayomwagika na mwizi. Iweke. Lakini haijui kipimo, na huwezi kukesha ukiitazama.

Kihisi cha nje ni hatua ya pili: kibano cha kupima mkondo kwenye waya wa spindo, au kihisi cha mwanga kilichobandikwa kwenye taa za juu ya mashine, kimeunganishwa na kibao kidogo cha kielektroniki kiitwacho ESP32 kinachokutumia ujumbe kwenye simu. Ni rahisi, kinafaa hata mashine ya zamani isiyo na tundu la mtandao, na hakigusi nyaya za ndani. Udhaifu wake ni kwamba taa ya kijani inaendelea kuwaka hata kisu kikiwa kimevunjika na mashine inakata hewa. Kibano cha mkondo kinaweza kulihisi hilo, kwa sababu spindo isiyokata chochote inakula umeme mdogo, ila utahitaji kukaa nayo mchana ujifunze kila kazi inasomaje.

Cha tatu ni kusoma ubongo wa mashine wenyewe. Fanuc wana njia yao iitwayo FOCAS, na kuna MTConnect, kiwango cha wazi kilichoonyeshwa kwenye maonyesho ya IMTS huko Chicago mwaka 2008, ambacho kinakuambia programu ipi inaendelea, kisu gani, alamu ipi na saa ngapi. MTConnect inasoma tu, haitoi amri kwa mashine, na naona hilo ni jema. Kuwasha spindo ukiwa kitandani, hujui nani amesimama mbele ya mlango, ni jambo ambalo mtu asiliruhusu kwenye karakana yake.

Chagua ya pili kwa mashine ya zamani na ya tatu kwa mpya. Zote mbili zikae juu ya ile mistari mitatu ya kupima kisu, maana mfumo wa kuangalia hauwezi kuripoti kosa ambalo mashine haijaligundua.

Umeme ukikatika

Vitabu vya mafunzo kutoka Ulaya hupita hapa haraka. Sisi hatuwezi.

Umeme ukikatika spindo inapunguza kasi yenyewe huku kisu kikiwa ndani ya chuma, na kama ilikuwa ikikata hesi, zana hubaki imekwama. UPS ya kawaida, yaani betri ya dharura, inaweza kushikilia kompyuta ya mashine ili isipoteze kumbukumbu. Spindo ya kilowati 11 haiwezi kuishikilia. Umeme ukirudi, mashine isijiwashe. Iache imesimama hadi mtu afike, atoe kisu, arudishe mihimili kwenye mwanzo wake.

Hapa rodi inaonyesha tena ubora wake: umepoteza kipande kimoja na labda kisu kimoja, na kuanza upya ni kukata ncha na kuendelea. Roboti iliyokufa ikiwa imenyoosha mkono ndani ya mashine inataka uangalifu zaidi kuirudisha. Kazi ya paleti ya saa tatu iliyokatika saa ya pili inategemea kama programu imeandikwa kwa vipande vifupi vinavyoweza kuanzishwa kila kimoja peke yake. Iandike hivyo tangu mwanzo.

Kukosekana kwa fezi moja kati ya tatu za umeme ni hatari kuliko giza kamili, kwa sababu mota zinaendelea kuvuma huku zikiungua. Swichi ya kulinda fezi ni lazima, na bei yake ni ndogo mno ukiifananisha na mota.

Mfumo wa ujumbe nao unakufa na umeme. Ruta imezimika, kihisi kimezimika, simu yako kimya, unalala ukijua mambo ni shwari. Kwa hiyo geuza utaratibu: mashine itume ishara ya uzima kila baada ya dakika tano, kwa programu iliyo nje ya karakana, na ishara ikikosekana mara mbili ndipo simu ilie. Ruta na kibao cha ESP32 vipe betri, na pale intaneti inapoyumba tumia laini ya simu na SMS.

Fundi wa zamu

Karakana ya Michigan, Marekani, inanunua roboti kwa sababu saa ya mtu ni ghali na watu hawapatikani. Nairobi au Dar es Salaam hesabu imegeuka. Mashine imelipiwa kwa dola, imesafirishwa, imelipiwa ushuru, na mkopo wake una riba. Saa ya mashine ndiyo ghali. Ukihesabu hivyo, fundi mmoja wa usiku anayelisha mashine mbili tatu mara nyingi hushinda roboti kwa miaka mingi. Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka kazi ya kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi ilipiwe nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa. Ongeza usafiri wa kumrudisha nyumbani salama, chai, na mtu wa pili kwenye jengo, kwa sababu hakuna anayepaswa kuwa peke yake na mashine inayozunguka usiku. Bado inalipa.

Na fundi anafanya asichofanya roboti: kipuri kimoja cha kinu cha sukari kilicholetwa saa tatu usiku, hakina mchoro, kinatakiwa alfajiri. Karakana nyingi za kwetu zinaishi kwa kazi za namna hiyo. Kama oda zako ni za kipande kimoja kimoja, weka pesa kwenye zamu ya usiku na vihisi vya mashine, roboti iache.

Kama una hata oda moja inayojirudia, mfano bushi au nipeli mia kadhaa kila mwezi, nunua mlisho wa rodi na kipimio cha visu kwa mpigo mmoja. Majaribio ya kwanza yafanye mchana, fundi akiwa ofisini haruhusiwi kugusa mashine, na kila alichotamani kunyanyuka kwenda kukigusa kiandikwe. Orodha hiyo ndiyo kazi iliyobaki kabla ya usiku wa kwanza.

Kuna kazi za kubaki na mtu siku zote. Magnesi na titani maranda yake yanaweza kushika moto, na moto wa magnesi haumwagiwi maji. Mashine zinazotumia mafuta matupu badala ya maji ya kupozea zinaweza kuwaka kisu kikipata joto, kwa hiyo haziachwi peke yake bila kizimamoto cha kujifyatua ndani ya mashine, chenye mtungi uliokaguliwa na uliounganishwa ili kikifyatuka kizime pampu na spindo papo hapo.